Mtoto Mwenye Ulemavu na Darasa la Wote

Swali: Je, mtoto asiyetembea au asiyesikia yampasa kubaki nyumbani wenzake waendapo shule?

Jibu: Hapana, wapenzi wakatekumeni. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za wenye ulemavu, na masomo yamo. Wazazi wengine wa Fizi na Baraka husema, «Huyu afaa shule ya peke yake, huko Bukavu.» Lakini safari ni ndefu, kupitia Uvira, na gharama ni kubwa; basi mtoto hukaa jikoni mpaka aote ndevu.

Na aletwe katika darasa la kijiji. Asiyetembea, tumjazie udongo mlangoni mahali pa ngazi. Asiyeona vema, aketi karibu na ubao. Asikiaye kidogo, aketi mbele, na mwalimu asinene akiwa ameuelekea ubao, maana mtoto huyo hutazama midomo. Ila asiyesikia kabisa, kuketi mbele hakumtoshi: ahitaji lugha ya ishara. Mwalimu na ajifunze, na wenzake pia. Hao hushika upesi kuliko sisi wakubwa.

Swali: Aandikishwe lini?

Jibu: Mwezi wa Septemba, siku ile ile waandikishwapo ndugu zake.