SURA YA NANE: MOTO WA MSITUNI NA UMOJA WA MAJIRANI

Wazee wetu husema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Kinga ni ukuni unaowaka upande mmoja. Kinga moja ikiachwa peke yake huzimika upesi. Zikisogezwa pamoja, kila moja huipa nyenzake joto, na moto huwaka vizuri. Methali hii hutufundisha ushirikiano. Tena ni somo la sayansi, kwani hutueleza jinsi moto unavyoishi.

Katika sura hii utajifunza jinsi moto wa majani na misitu unavyoanza na kuenea, na jinsi majirani wanavyoweza kujikinga nao. Mifano yetu mingi imetoka katika kisiwa cha Pemba.

1. Moto wahitaji nini?

Moto hauwezi kuwaka bila ya vitu vitatu. Kwanza, kitu cha kuungua, kama vile kuni, majani makavu au mafuta ya taa. Pili, hewa yenye oksijeni. Tatu, joto la kutosha kukiwasha kitu hicho. Kimoja kati ya vitu hivyo kikiondolewa, moto huzimika.

JARIBIO LA 1 (Lifanywe na mwalimu.)
Vifaa: mishumaa miwili iliyo sawa, gilasi moja ndogo, gilasi moja kubwa, na kibiriti.
Njia: Simamisha mishumaa juu ya meza na kuiwasha. Ufunike mmoja kwa gilasi ndogo na wa pili kwa gilasi kubwa, kwa wakati mmoja.
Angalia: Ni mshumaa upi uliozimika kwanza? Kwa nini?

Bila shaka umeona kuwa mshumaa uliomo katika gilasi ndogo ulitangulia kuzimika. Oksijeni iliyokuwamo ilikuwa kidogo, na haikuchukua muda kupungua hata isiweze kuuwasha moto. Kwa sababu hiyo sufuria ya mafuta ikishika moto jikoni, hufunikwa kwa kifuniko. Usiimwagie maji hata kidogo, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka.

2. Kwa nini moto huenea?

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Je, kisiwa chenye mvua nyingi na kilichozungukwa na bahari chaweza kuogopa moto? Ndiyo. Mvua za masika na vuli huotesha majani mengi. Kiangazi kinapofika, hasa Januari na Februari, jua huwa kali na majani yale hukauka. Mambo matatu huufanya moto uenee.

(a) Ukavu. Majani mabichi yana maji ndani yake. Joto la moto hutumika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, ndipo majani yashike moto. Majani makavu hayana kizuizi hicho. Matawi makubwa hukauka polepole, lakini nyasi na makuti hukauka kwa siku chache tu za jua.

(b) Upepo. Upepo huuletea moto oksijeni mpya, huusukuma mbele, na hubeba cheche. Cheche yaweza kuvuka njia na kuangukia paa la makuti lililo mbali na moto wenyewe. Wakati wa kaskazi upepo hutoka upande wa kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi hutoka upande wa kusini. Mwenye kuujua upepo huweza kukisia moto utaelekea wapi.

(c) Mteremko. Upande wa magharibi wa Pemba una vilima na mabonde mengi. Moto hupanda kilima kwa haraka zaidi kuliko unavyoteremka.

JARIBIO LA 2 (Lifanywe na mwalimu, nje ya darasa, na ndoo ya maji iwe karibu.)
Vifaa: njiti mbili za kibiriti.
Njia: Washa njiti ya kwanza na kuishika kichwa chake kikiwa juu. Kisha washa ya pili na kuiinamisha kichwa kielekee chini.
Angalia: Ni njiti ipi iliyoungua upesi?

Njiti iliyoinamishwa iliungua upesi. Hewa yenye joto hupanda juu. Sehemu ya njiti iliyokuwa juu ya moto ilipata joto hilo na kukauka kabla ya kufikiwa. Majani ya kilimani hukaushwa vivyo hivyo na moto uliopo chini yao. Kwa hiyo, mtu anayeukimbia moto asikimbilie kileleni ikiwa moto unatoka bondeni.

3. Moto huanzia wapi?

Mara nyingi moto wa msituni huanzishwa na watu, tena bila ya kukusudia. Katika sehemu za maweni, kama vile wilaya ya Micheweni, udongo ni haba na mawe ya matumbawe ni mengi. Mkulima hufyeka kichaka, huyaacha majani yakauke, kisha huyachoma ili apande muhogo au mtama. Upepo ukigeuka, moto huingia katika shamba la jirani.

Wako pia warina asali wanaotumia vienge kuwafukuza nyuki, wachoma mkaa, wachoma chokaa, wavutaji wanaotupa vipande vya sigara, na watoto wanaochezea viberiti. Majivu ya jikoni nayo ni hatari. Juu yaonekana meupe na kupoa, na ndani yake mna makaa mekundu.

4. Hasara ya moto

Fikiri juu ya mkarafuu, mti unaoipatia Pemba sifa na fedha. Mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka ipite miaka kama sita au zaidi. Chakula cha mti hupita chini ya gome lake. Moto wa nyasi ukiliunguza gome kulizunguka shina lote, mti hufa, hata kama majani yake ya juu hayakuguswa. Saa moja ya moto huweza kupoteza kazi ya miaka mingi.

Fikiri tena juu ya msitu wa Ngezi, ulioko kaskazini-magharibi ya kisiwa. Humo huota mpapindi, aina ya mnazi mwitu wa asili ya Pemba. Humo pia huishi popo wa Pemba, mnyama ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Popo huyu hula matunda na kuzitawanya mbegu za miti. Viumbe hawa wakiteketea hapa, hakuna kwingine tutakapowapata.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya maisha ya watu. Tarehe 8 Agosti 2023, moto uliosukumwa na upepo mkali uliuteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, nchini Marekani. Nyasi kavu zilikuwa zimetanda katika mashamba ya zamani yaliyoachwa bila ya kulimwa. Watu wapatao mia moja walikufa. Wengine waliokoka kwa kujitupa baharini. Kisiwa hicho nacho kimezungukwa na maji pande zote, kama Pemba.

5. Kazi ya majirani kabla ya moto

Nyumba moja ikisafishwa na ya pili ikaachwa na makumbi na makuti makavu ukutani, zote mbili zimo hatarini. Moto hautambui mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo kinga ya kweli hufanywa na mtaa mzima. Yafuatayo ndiyo mambo ya kufanya pamoja:

(a) Kusafisha. Fagieni majani makavu kandokando ya nyumba. Makumbi, vifuu na kuni viwekwe mbali na kuta na banda la kupikia.

(b) Kufyeka ukanda wa kuzuia moto. Huu ni ukanda wa ardhi tupu baina ya kichaka na nyumba au shamba. Majani yote hung'olewa mpaka udongo uonekane. Upana wake uwe angalau mara mbili au tatu ya urefu wa majani yaliyo jirani. Ukanda huu huuondolea moto kitu cha kuungua.

(c) Kupashana habari. Mtu anayetaka kuchoma shamba awaarifu kwanza sheha na majirani. Achague asubuhi na mapema au jioni, wakati upepo umetulia. Asiwe peke yake, na asiondoke mpaka majivu yamepoa.

(d) Kuweka vifaa tayari. Majembe, mapanga, reki, ndoo, madebe na ngazi viandikwe katika orodha, na kila mtu ajue viko nyumba gani.

(e) Kukubaliana ishara. Ishara yaweza kuwa kengele ya skuli, ngoma, au kipaza sauti cha msikiti. Namba ya simu ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi iandikwe mahali panapoonekana na wote.

(f) Kuwapangia wasiojiweza. Ni nani atakayemtoa bibi asiyeweza kutembea? Ni nani atakayewachukua watoto wachanga ikiwa mama yao yuko pwani akikusanya chaza? Jambo hili lisingoje siku ya moto. Kila mtu asiyejiweza awe na jirani wawili waliotajwa kwa majina, ili mmoja asipokuwapo, wa pili awepo.

6. Wakati wa moto

Wewe ni mtoto. Kazi yako ya kwanza ni kutoa habari, na ya pili ni kuondoka mahali penye hatari. Usijaribu kuuzima moto wa msituni. Piga kelele, mwite mtu mzima, kisha nenda mahali mlipokubaliana. Mahali pazuri ni pale pasipo kitu cha kuungua, kama vile ufukweni au kiwanja cha mpira kisicho na nyasi ndefu. Usirudi ndani kuchukua nguo wala daftari.

Ukikutwa na moshi mwingi, inama au tambaa, kwani moshi hupanda na hewa nzuri hubaki chini. Nguo yako ikishika moto, usikimbie. Kukimbia huuletea moto hewa. Simama, lala chini, funika uso kwa mikono, na ugaegae mpaka moto uzimike.

Watu wazima nao hutumia kanuni zile tatu ulizojifunza. Wanaofyeka mbele ya moto huondoa kitu cha kuungua. Wanaoupiga kwa matawi mabichi au kuufunika kwa mchanga huuzuilia hewa. Wanaomwaga maji hupunguza joto. Kazi hizi hufanywa pamoja, chini ya kiongozi mmoja, na njia ya kutorokea ijulikane na kila mtu. Moto ukiwa mkubwa kuliko nguvu zao, huondoka na kuwaachia zimamoto.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini. Isipakwe mafuta wala dawa ya meno. Kisha apelekwe hospitali.

7. Baada ya moto

Moto unaoonekana umezimika huweza kulala ndani ya kisiki au mizizi na kuamka upepo ukivuma. Majirani hupeana zamu za kulinda, nao huyafukua makaa na kuyamwagia maji. Halafu hukutana na kuulizana: Moto ulianzia wapi? Ishara ilisikika? Ni nani aliyesahauliwa?

Ushirikiano wa namna hii si jambo geni kwetu. Mwezi wa Oktoba 2020, moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi na wanavijiji, walipanda mlimani kusaidia kuuzima. Huko Pemba, popo wa kisiwa walikuwa karibu kutoweka kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Katika miaka ya 1990 wanavijiji waliunda vikundi vya kuwalinda, kama wale wa Kidike, na popo wakaongezeka tena hata kufikia maelfu. Watu walioweza kuwalinda popo waweza pia kuzilinda nyumba zao.

8. Mambo ya kukumbuka

Moto wahitaji kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukavu, upepo na mteremko huueneza. Moto huzimwa kwa kuzitenganisha kinga, na kazi hiyo huwezekana kwa kuwakusanya watu.

MAZOEZI

1. Taja vitu vitatu ambavyo moto hauwezi kuwaka bila ya kuwa navyo.

2. Eleza kwa nini majani mabichi hayashiki moto upesi.

3. Nyasi za kichaka zina urefu wa mita 2. Ukanda wa kuzuia moto uwe na upana gani?

4. Tuseme mtu mmoja hutumia dakika 3 kwenda kisimani na kurudi na ndoo ya lita 10. Ataleta lita ngapi kwa dakika 30? Majirani wakijipanga mstari na kupokezana ndoo za lita 10, ikafika ndoo moja kila sekunde 10, wataleta lita ngapi kwa muda huo huo?

5. Mwenzako asema, "Moto wa shamba la jirani haunihusu." Mjibu kwa kutumia yale uliyojifunza.

6. Kazi ya nyumbani: Chora ramani ya mtaa wako. Onyesha visima, njia, vichaka, nyumba za makuti na mahali pa kukimbilia. Weka alama katika nyumba zenye wazee, wagonjwa au watoto wachanga. Waulize wazee wako ni nani aliyepangiwa kuwasaidia watu hao. Ikiwa hapana, waombe wazungumze na majirani, kisha ulete majina darasani.