MUVI ZA WAFALME WA KOREA: ZINATUNASA KWA NINI?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kila tunaporudi shuleni baada ya likizo, mazungumzo bwenini huwa ni yale yale: nani amefika sehemu ya ngapi ya Jumong, nani alitokwa na machozi akitazama Jewel in the Palace. Baadhi ya walimu wetu husema tunapoteza wakati bure. Nami nikiwa mtazamaji sugu, nimeona heri nizichambue tamthilia hizi kwa istilahi zile zile tunazofundishwa katika fasihi, tujue kinachotuvuta ni nini hasa.

Wakorea wenyewe huziita sageuk, yaani tamthilia zinazosimulia visa vya kale. Nyingi husimulia enzi ya Joseon, ambapo ukoo mmoja ulitawala tangu mwaka 1392 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine hurudi nyuma zaidi. Jumong, iliyoonyeshwa na shirika la MBC kati ya 2006 na 2007 kwa sehemu 81, inamhusu mwanzilishi wa dola ya Goguryeo, ambayo kwa mapokeo ilianza mwaka 37 K.K.

Kwanza kabisa ni taharuki. Chukua Jewel in the Palace, ambayo kwa Kikorea ni Dae Jang Geum. Ilionyeshwa mwaka 2003 na 2004, sehemu 54. Msichana yatima aingia kufanya kazi katika jiko la mfalme. Anasingiziwa, anafukuzwa, anapelekwa kisiwa cha Jeju akiwa mtumwa. Huko anajifunza udaktari, kisha anarudi katika jumba lile lile la mfalme kwa mlango mwingine. Kila sehemu inakatika pale ambapo moyo umekaa juu juu. Utalala vipi na hujui kama chakula kilichoandaliwa kina sumu?

Pili ni mhusika. Katika Joseon watu walipangwa kwa tabaka: juu walikuwa mabwana walioitwa yangban, na chini kabisa walikuwako watumwa. Aliyezaliwa chini alitarajiwa kufia chini. Ndiyo maana tunamshangilia Jang-geum. Hana upanga, hana jeshi, hana baba mkubwa serikalini. Ana mikono yake, ulimi wa kuonja na kichwa cha kusoma. Na sisi ambao karo yetu hulipwa kwa kuuzwa mbuzi, jamani, tutakosaje kumwelewa?

Tatu ni lugha, na hapa wanachama wa chama chetu watege masikio. Katika tamthilia hizi hakuna mtu anayemwita mfalme kwa jina. Humwita Jeonha, huku wameinamisha vichwa. Utasikia pia neno "mama", ukadhani mtu anamwita mzazi wake. La hasha! Kwa Kikorea cha jumba la mfalme, hilo ni neno la heshima la kuwekwa baada ya cheo cha malkia na jamaa wengine wa kifalme. Hata vitenzi hubadilika miisho kulingana na anayeambiwa. Nasi tuna adabu yetu. Mkubwa huamkiwa shikamoo, naye huitikia marahaba. Wangapi kati yetu bado huitumia, ama siku hizi kila mtu ni "sasa" na "niaje"?

Lugha huwa hata kiini cha mgogoro. Tree with Deep Roots, ya mwaka 2011, inahusu Mfalme Sejong na hati ya Kikorea. Zamani Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mkulima hakuwa na nafasi ya kujifunza. Sejong akabuni herufi 28 nyepesi, akazitangaza mwaka 1446. Msomi mmoja mkubwa, Choe Manri, pamoja na wenzake walikuwa wamempinga kwa maandishi mwaka 1444. Mauaji ya kisiri tunayoyaona katika tamthilia ni ubunifu, lakini upinzani ulikuwa wa kweli. Swali lenyewe ni zito: kalamu ni ya nani, ya wakubwa peke yao au ya kila mtu?

Nne, na hili ndilo kubwa, ni historia iliyo nyuma ya ubunifu. Wafalme wa Joseon walifuatwa na waandishi wa kumbukumbu, na mfalme hakuruhusiwa kuzisoma zilizomhusu yeye. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akaagiza mwandishi asijue. Mwandishi aliandika kuwa mfalme ameanguka, akaandika na agizo lenyewe! Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa hadi leo, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Jang-geum mwenyewe anatajwa humo mara chache tu, kama mganga wa kike wa Mfalme Jungjong. Utoto wake, mapenzi yake na maadui zake wa jikoni vimetungwa.

Kwa hivyo, mtazamaji mwenye busara atenganishe chuya na mchele. Wakorea wenyewe ni wakali kwa jambo hili. Mwezi wa Machi 2021 tamthilia iitwayo Joseon Exorcist ilikatizwa baada ya sehemu mbili tu, kwa sababu watazamaji walilalamika kwamba inapotosha historia yao.

Sasa nirudi nyumbani. Jumong anasifika kwa kulenga mshale. Fumo Liyongo wetu naye alisifika hivyo hivyo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anaangusha makoma kwa mishale wenzake wanapotaka kumvizia, na mwishowe anauawa na mwanawe wa kumzaa. Taharuki imo, usaliti umo, mama mwerevu wa kumtumia mwanawe tupa ndani ya mkate yumo. Mimi naisubiri tamthilia hiyo, hata ikiwa na sehemu 81.

Lakini muvi haijitungi. Wakorea walianza na kuandika, wakatunza walichoandika, kisha wajukuu wakapata cha kuigiza. Basi likizo ijayo, kabla ya kuwasha televisheni au simu, kaa na babu au nyanya kwa saa moja, ukiwa na daftari. Uliza, andika, ulete chamani. Mwacha asili ni mtumwa, na mtazamaji wa asili za wengine pekee hana tofauti kubwa naye.