Msamiati na Misemo ya Kuzungumzia Ujifunzaji wa Kiingereza: Mfano wa Voi na Taita Taveta

Utangulizi

Makala haya yanajadili maneno na misemo ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya kuzungumzia ujifunzaji wa Kiingereza. Yamkini msomaji atashangaa kuona suala la Kiingereza likipewa nafasi katika jarida la Kiswahili. Ifahamike, hata hivyo, kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki Kiingereza hufundishwa kwa saa chache darasani, kisha huzungumziwa kwa Kiswahili siku nzima: barazani mwa shule, ndani ya matatu, na nyumbani mzazi anapouliza mtoto ameambiwa nini na mwalimu. Anayesifiwa husifiwa kwa Kiswahili, na anayechekwa huchekwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anawajibika kwa maneno hayo hata kama somo lenyewe si lake.

Eneo lililoteuliwa ni Voi na sehemu nyingine za Kaunti ya Taita Taveta. Sababu ni dhahiri. Milimani husemwa Kidawida, kwenye kilima cha Sagalla husemwa Kisaghala, na Taveta husemwa Kitaveta. Voi yenyewe ni mji wa njia. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo, mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka mbali, hifadhi za Tsavo zilizotangazwa mwaka 1948 zikaleta watalii, na treni ya reli mpya imekuwa ikisimama hapo tangu 2017. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu, nacho Kiingereza ndicho kinachotazamwa kama ngazi ya kupandia.

Jambo moja la kihistoria lafaa kukumbushwa kabla ya kuendelea. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray wa shirika la Kianglikana la CMS alifika Sagalla, na mwaka 1894 kikachapishwa kitabu chake cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Maana yake ni kwamba, kabla mtoto yeyote wa kilima kile hajachekwa kwa kukiboronga Kiingereza, alikuwapo Mwingereza aliyekaa miongoni mwa wenyeji akiuliza jina la kitu hiki na kile, akikosea na kusahihishwa. Katika kilima cha Sagalla, Mwingereza ndiye aliyetangulia kuwa mwanafunzi wa lugha.

Kusikia, kuokoteza, kumudu

Anayetafuta tafsiri ya moja kwa moja ya dhana ya kujua lugha atapata kitenzi kujua, na huenda akatosheka. Wazungumzaji wenyewe hawatosheki. Wana ngazi nzima ya vitenzi, na kila kimoja kina mahali pake.

Chini kabisa ni kuokoteza. Anayeokoteza Kiingereza ana neno hapa na neno pale, alizozipata sokoni, stesheni au redioni, bila ya kufundishwa na mtu. Hufuata kusikia. Husemwa, “Bibi yake anasikia Kiingereza, ila hasemi.” Hapa kusikia si kazi ya masikio pekee, bali ni kuelewa. Wanaisimu hutenga uwezo wa kupokea lugha na uwezo wa kuitoa, na Kiswahili cha kawaida kimekwisha kuutenga kwa kitenzi kimoja. Kubabaisha ni kujaribu kusema kwa kusitasita, huku sentensi zikikatikia njiani. Kumudu ni kutimiza haja: anayekimudu Kiingereza anaweza kumwelekeza mtalii hadi kwenye lango la hifadhi na kujibu swali la pili na la tatu, hata kama hakuna atakayemsifu. Juu ya hapo kuna kusema kwa ufasaha, na juu zaidi kuna kubobea, ambako aghalabu huhusu maandishi na taaluma.

Upo pia msemo wa Kiingereza cha kuombea maji. Ni msemo wa dhihaka nyepesi, na wengi huutumia kujidhihaki wenyewe. Hata hivyo, ukichunguzwa vyema, unakiri jambo kubwa: mwenye Kiingereza hicho hatakufa kwa kiu. Ana lugha ya haja yake ya leo. Dell Hymes alipozungumzia umilisi wa mawasiliano mwaka 1972, alikuwa akisisitiza kwamba kujua sarufi pekee hakumtoshi mtu, sharti ajue pia kuitumia lugha mahali pake. Mwenye kuomba maji akapewa amekwisha kulipata fungu moja la umilisi huo.

Misemo mingine humtoa mwanafunzi lawamani kwa njia ya sarufi. “Kiingereza hakipandi,” husema wengi, hasa upande wa Tanzania. Nchini Kenya husikika pia, “Kiingereza kimenikataa.” Katika sentensi zote mbili kiima ni lugha, si mwanafunzi. Kinachogoma kupanda, na kinachokataa, ni Kiingereza chenyewe. Mwalimu mkali ataona huko ni kutafuta visingizio. Lakini mtoto aliyesema kuwa somo limemkataa bado hajasema kuwa yeye ni mjinga, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Lugha yenyewe ina majina kadhaa. Kiingereza ndilo jina sanifu. Kimombo ni jina la utani linalokubalika hata magazetini. Kizungu hutumiwa na wengi nchini Kenya kana kwamba Wazungu wote husema lugha moja, na Wafaransa na Wareno wangekuwa na la kusema juu ya hilo. Vijana wa mitaani huko Tanzania hukiita ung'eng'e, na katika Sheng huitwa ngeli. Jina hili la mwisho humfanya mwanafunzi wa Kiswahili atabasamu, kwa kuwa kwake ngeli ni makundi ya nomino.

Lugha mama ni ya nani?

Istilahi inayosumbua zaidi katika mazingira ya Voi ni lugha mama. Vitabu vya isimu huitumia kwa maana ya lugha ya kwanza ambayo mtoto hujipatia nyumbani. Sasa tuchukue mfano wa mtoto wa Voi ambaye baba yake ni Mdawida, mama yake ni Mkamba, na wazazi hao huelewana kwa Kiswahili. Lugha ya mama yake ni Kikamba, lugha ya baba ni Kidawida, na lugha ya kwanza ya mtoto ni Kiswahili. Akiandikiwa shuleni kwamba Kiingereza chake kimeathiriwa na lugha mama, ni mama yupi anayelaumiwa? Kwa hali kama hiyo ni afadhali istilahi lugha ya kwanza, kisha lugha ya pili na ya tatu kwa kadiri zilivyofuatana. Kwa mtoto wa Sagalla aliyeanza na Kisaghala, akaingia Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, Kiingereza ni lugha ya tatu. Kumwambia mtoto huyo kwamba hajui lugha ni kosa la kuhesabu.

Katika matamshi, athari za lugha ya kwanza si hasara tupu. Aliyezoea kutamka thamani na dhahabu hana haja ya kufundishwa sauti mbili za Kiingereza ambazo wageni wengi ulimwenguni huhangaika nazo. Kikwazo chake kiko kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, na ndiyo maana maneno “cat”, “cut” na “cart” hufanana mdomoni mwa wengi. Wakenya huita hali hiyo kushrabu, nalo ni neno la kuchekea wenzao. Mwalimu anaweza kusema tu kwamba mwanafunzi ameleta irabu ya Kiswahili mahali pa irabu ya Kiingereza. Maelezo hayo ni marefu kuliko kicheko, lakini yana dawa ndani yake.

Katika maana, mambo ni matamu zaidi. Kiswahili husema kusikia njaa, kusikia baridi, kusikia harufu na kusikia lugha. Mwanafunzi anayesema kwa Kiingereza kwamba amesikia harufu kwa masikio yake hakukosa akili; amehamisha kitenzi kizima kizima pamoja na upana wake. Vivyo hivyo, anayemwambia rafiki asiyeonekana siku nyingi kwamba amepotea, ametafsiri maamkizi, si habari ya msituni. Na yule anayesema “sorry” mwenzake anapojikwaa hakiri kosa lolote. Anatoa pole, na Kiingereza hakina neno moja linalotosha kwa pole.

Kosa na kuteleza

Mwaka 1967 mwanaisimu S. P. Corder alitenganisha makosa yanayotokana na kutojua kanuni na yale yanayotokea kwa uchovu au haraka ingawa kanuni inajulikana. Miaka mitano baadaye Larry Selinker alieleza kwamba mwanafunzi wa lugha huwa na mfumo wake wa katikati, usio lugha yake ya kwanza wala si lugha anayoilenga. Mfumo huo waweza kuitwa lugha-kati. Hayo yote hufundishwa vyuoni kwa istilahi nzito, ilhali methali imekwisha kusema kuteleza si kuanguka. Basi na itumike: kosa liwe la kanuni isiyojulikana, na kuteleza kuwe kwa kanuni inayojulikana. Mwanafunzi aliyeteleza anahitaji nafasi ya kujisahihisha. Mwenye kosa anahitaji kufundishwa. Wote wawili hawahitaji kuvishwa diski.

Diski, kwa wasioijua, ni kibao au kitu kingine ambacho katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi alipewa abebe aliposikika akisema lugha iliyokatazwa, hata ampate mwenzake wa kumpokeza. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu ya aina hiyo katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986. Msamiati uliozaliwa na desturi hiyo hauna hata neno moja la kujifunza. Ni kushikwa, kuchongea, kupokeza na kuchapwa. Mtoto alijua jinsi ya kuikwepa diski, na njia rahisi kuliko zote ilikuwa ni kunyamaza.

Kufundisha, kufundisha kwa, kufundishia

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapobeba mzigo mzito kuliko msamiati wake. Kufundisha Kiingereza ni kukifanya Kiingereza kuwa somo. Kufundisha kwa Kiingereza ni kufundisha hesabu, sayansi na historia kupitia Kiingereza. Kiambishi cha kauli ya kutendea hutupatia istilahi iliyo wazi kabisa: lugha ya kufundishia. Mzazi anayesema, “Nataka mwanangu ajue Kiingereza,” anaomba jambo la kwanza. Mara nyingi hujibiwa kwa jambo la pili, naye hashtuki kwa kuwa neno Kiingereza limo katika sentensi zote mbili.

Tofauti hiyo imeielekeza sera ya elimu ya Kenya tangu uhuru. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo itumike kwa miaka mitatu ya mwanzo, na Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Kwa kanuni hiyo, lugha ya eneo mjini Voi ni Kiswahili, na ya milimani ni Kidawida. Kilomita chache za barabara zinatosha kubadili lugha ya hesabu ya mtoto. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta hali ni nyingine tena. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia ya shule za msingi za serikali nchini Tanzania, nacho Kiingereza hushika nafasi hiyo katika sekondari. Siku za soko watoto wa pande hizo mbili hukutana Taveta. Mmoja atasema anasoma shule ya upili, mwingine sekondari, nao wataelewana bila mkalimani. Tofauti yao kubwa ni umri walipoambiwa waanze kufikiri kwa Kiingereza.

Misemo ya darasani

Mwanafunzi wa lugha yoyote anahitaji sentensi za kumwezesha kutojua bila ya aibu. “Mwalimu, hapo sijaelewa, naomba urudie polepole.” “Neno hili latamkwaje?” “Naomba uniendelezee neno hili.” Kitenzi kuendeleza, kwa maana ya kutaja herufi za neno moja baada ya nyingine, kimesahaulika na wengi wanaosema spelingi, nacho chastahili kurudishwa. “Je, naweza kusema hivi pia?” ni swali bora kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza anaipima kanuni badala ya kukariri jibu.

Upande wa mwalimu pia kuna sentensi za kuchaguliwa. Katika fomu ya ripoti mara nyingi huachwa nafasi ya mstari mmoja tu, na mstari huo mara nyingi hujazwa neno dhaifu. Mstari uo huo unatosha kuandika: “Anasikia vizuri, anakimudu katika mazungumzo, huteleza katika wakati uliopita, hajajua bado matumizi ya viambishi vya wingi.” Mzazi wa Mwatate au Wundanyi akisomewa maneno hayo atajua mtoto wake yuko wapi, na mwalimu wa muhula ujao atajua pa kuanzia.