Kunguru na Ndege Wadogo wa Uani

Mayai ya chozi na mnana uani kwetu yanaliwa na nani? Huko pwani, mwizi mkubwa ni kunguru mwenye shingo ya kijivu. Yule mwenye kifua cheupe ni mwenyeji. Huyu aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Taka anakula, na makinda anakula. Hata vifaranga vyetu anabeba! Sasa amefika mpaka Dodoma.

Tunamlisha sisi wenyewe. Tukitupa matumbo ya samaki nyuma ya jiko, yeye hujenga karibu. Basi tuyafukie shimoni kila siku. Kiota chake cha vijiti na nyaya tukiondoe kabla mayai hayajaanguliwa. Apandaye avae kofia, maana kunguru hudonoa kichwa.