Kunguni katika Nyumba ya Kupanga: Haki ya Mpangaji na Wajibu wa Mhudumu wa Afya

Mgonjwa anayerudi kliniki ya ngozi kwa mara ya tatu na muwasho uleule, ilhali amekwisha kumaliza chupa mbili za losheni ya benzili benzoeti, anapaswa kuulizwa swali ambalo halimo katika fomu zetu: unalala wapi, na nyumba hiyo ni ya nani? Katika miji yetu jibu huwa mara nyingi ni chumba cha kupanga, pengine kimoja kati ya sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Hapo ndipo tiba yetu ya kawaida inapokwama. Dawa ya kupaka hutuliza ngozi, lakini kilichoiumiza ngozi hiyo kimo ukutani, na ukuta ni mali ya mtu mwingine.

Makala haya yanawahusu kunguni, wapangaji na sheria ya Tanzania Bara. Kunguni ni maradhi ya jengo kabla ya kuwa maradhi ya mtu. Kwa kuwa jengo lina mwenyewe, sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwake, na mgonjwa ana haki ya kuidai.

Kunguni au upele?

Makosa mengi huanzia kwenye utambuzi. Upele na kunguni vyote huwasha usiku, na vyote huweza kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Hata hivyo upele hupenda sehemu zilizojificha: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kiuno, chini ya matiti na sehemu za siri. Kwa mtu mzima uso kwa kawaida husalimika. Kunguni naye huuma palipo wazi wakati wa usingizi, yaani uso, shingo, mikono na miguu, na mara nyingi huacha vivimbe vitatu au vinne vilivyojipanga mstari au kukusanyika pamoja. Kumpaka mgonjwa wa kunguni losheni ya upele mara kwa mara hakumponyi, na huweza kumwongezea mwasho kwa kuikera ngozi.

Jambo moja huwachanganya hata wahudumu wazoefu. Mwili hujibu kwa namna tofauti, na vivimbe huweza kuchelewa kujitokeza kwa siku kadhaa. Wapo wasioonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo mke akija amejaa mabaka na mume hana hata doa, isisemwe kwamba kitandani hamna kitu. Ushahidi wa hakika haupatikani kwenye ngozi. Hupatikana kwenye mishono ya godoro, maungio ya kitanda, nyufa za ukuta na nyuma ya fremu ya mlango: kunguni mwenyewe, bapa na wa rangi ya hudhurungi, urefu wa milimita 5 hadi 7, ngozi alizozivua, na madoa meusi ya kinyesi chake, kama matone ya wino.

Hakuna ushahidi kwamba kunguni huambukiza watu magonjwa katika maisha ya kawaida. Wenye nyumba hupenda kulisikia hilo, na ni kweli. Lakini ukweli huo usitumiwe kuwanyamazisha watu. Mtoto anayejikuna hupata majipu na vidonda vyenye usaha. Palipojaa kunguni kupita kiasi, upungufu wa damu umeripotiwa. Na mtu asiyelala wiki nzima hafanyi kazi wala hasomi. Wengi huficha kwa sababu ya aibu, wakiamini kwamba kunguni ni alama ya uchafu. Kunguni hafuati uchafu. Hufuata damu na joto la mtu aliyelala, na chumba kilichodekiwa kila siku humfaa sawasawa na kisichodekiwa.

Kwa nini chumba kimoja hakiponi peke yake

Nyumba zetu nyingi za vyumba zina kuta za ndani zisizofika kwenye bati, dari moja juu ya vyumba vyote, na nyaya za umeme zinazopita kwenye matundu kutoka chumba hadi chumba. Njia hizo zote ni za kunguni pia. Mpangaji mmoja akipuliza dawa kwake, waliosalia huhamia kwa jirani, na baada ya muda hurudi. Aidha, dawa nyingi za madukani ni za jamii ya pairetroidi, na usugu wa kunguni dhidi ya jamii hiyo umethibitishwa sehemu nyingi za dunia. Mayai nayo hunusurika kirahisi, kisha huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Ndiyo maana kazi ya kweli hufanyika katika vyumba vyote kwa wakati mmoja, hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, na huambatana na kuziba nyufa.

Mpangaji hawezi kuagiza chumba cha jirani kifunguliwe, wala hana ruhusa ya kuziba dari. Mwenye uwezo juu ya jengo zima ni mwenye nyumba peke yake.

Sheria inasemaje

Hapa sheria na elimu ya wadudu zimekutana kwa namna inayopendeza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inaweka masharti ambayo huchukuliwa kuwemo katika mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kwa ajili ya makazi kiwe kinafaa binadamu kuishi siku pango linapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Jingine linahusu jengo lililopangishwa kwa sehemu: mwenye nyumba ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Mapatano ya mdomo ya muda mfupi nayo yanatambuliwa, kwa hiyo asiye na karatasi asidhani kwamba hana mkataba.

Kunguni hawatajwi kwa jina katika sharti hilo. Kama chumba kimefikia kiwango cha kutofaa ni jambo la kuamuliwa kwa ushahidi. Kunguni watatu kwenye begi la mgeni si sawa na ukuta mzima uliojaa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaongeza nguvu ya pili: afisa afya ana mamlaka ya kukagua majengo na kuamuru kero inayohatarisha afya iondolewe. Kwa msomaji aliyeko Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina sharti linalofanana na la kwetu, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero ya kisheria.

Sharti la nyumba kufaa makazi linahusu pia viumbe wengine, ambao baadhi yao ni hatari kuliko kunguni. Panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliripotiwa Ruangwa, mkoani Lindi, ukiwa na wagonjwa 20 na vifo 3. Vumbi la kinyesi na magamba ya mende huchochea pumu kwa watoto wenye mzio. Papasi, wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hasa mikoa ya kati, huambukiza homa ya papasi, ambayo kwa mjamzito huweza kumfanya apoteze mimba. Homa inayokuja na kuondoka kwa mtu ambaye kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu inadai slaidi ya damu, na swali lilelile la anapolala.

Nani aliwaleta?

Hili ndilo jibu la kwanza la mwenye nyumba: umekuja nao wewe. Pengine ni kweli. Kunguni husafiri kwenye mabegi, magodoro ya mtumba na makochi yaliyonunuliwa kwa mkono. Lakini mdudu huyu ana kalenda yake, na kalenda hiyo ni shahidi. Kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua takriban wiki 5 hadi 8, na katika muda huo hujivua ngozi mara tano, akihitaji mlo wa damu kila hatua. Mpangaji aliyehamia Jumamosi, na Jumatano akakuta nyuma ya fremu ya mlango ngozi zilizokauka kwa makumi pamoja na madoa ya kinyesi ya zamani, ana hoja nzito kwamba wadudu walimtangulia. Aliyekaa mwaka mzima bila tatizo, kisha likaanza wiki aliyoleta kochi, hoja yake ni dhaifu, na ni vema aambiwe hivyo mapema.

Kwa sababu hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya kutoa fedha. Wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, juu ya ada ya dalali. Wakishalipa, hawabaki na cha kumshawishi mwenye nyumba. Nenda mchana na tochi ya simu, kagua fremu, soketi na pembe za dari, na piga picha. Ukiona dalili baada ya kuhamia, bandika mdudu na ngozi zake kwenye karatasi kwa selotepu na uandike tarehe.

Sumu iliyoletwa kuwa dawa

Mpangaji aliyekata tamaa hununua chupa isiyo na lebo mtaani, aghalabu kiuatilifu cha shambani kilichopunguzwa kwa maji, na kuloweka nacho godoro analolalia mtoto. Baada ya hapo huja kwetu, na safari hii si kwa muwasho: hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo, anatapika na kupumua kwa shida. Hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali mara moja.

Hatari zaidi ni vidonge vya kufukizia nafaka ghalani, vyenye fosfidi ya alumini. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, inayopenya nyufa na matundu yaleyale wanayopita kunguni. Katika nchi mbalimbali watu wamekufa wakiwa wamelala katika chumba cha jirani na kilichofukizwa. Gesi hiyo haina dawa mahususi ya kuizima mwilini. Vidonge hivyo visiwekwe ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kwa saa moja. Dawa itakayotumika iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ipulizwe na mtu mwenye ujuzi.

Mahali pa kuanzia

Mpe mwenye nyumba taarifa ya maandishi yenye tarehe, hata kwa ujumbe wa simu, na umpe muda unaoeleweka wa kushughulika. Wapangaji wakisaini pamoja ni bora zaidi, kwanza kwa sababu tatizo ni la wote, na pili kwa sababu ya hofu. Hofu hiyo ina msingi: pango la miezi sita likiisha, mwenye nyumba anaweza kukataa kuliendeleza, na mlalamikaji mmoja ni rahisi kumwondoa kuliko sita.

Akinyamaza, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa afya wa kata, ukiomba ukaguzi. Suluhu ikikwama, Baraza la Kata hupatanisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, husaidia bila malipo wasio na uwezo. Usisimamishe kodi kwa uamuzi wako mwenyewe. Sheria inaruhusu kodi kusimama pale jengo linapoharibiwa na moto, mafuriko au ajali kama hizo hata lisikalike. Kuwaingiza kunguni humo ni hoja ya kupelekwa barazani, usiitegemee kabla ya kuamuliwa. Nawe una wajibu wako: fungua chumba siku ya kupulizwa, fua nguo na mashuka kwa maji ya moto unaozidi nyuzi 50, na usimwuzie mwingine godoro lenye wadudu.

Kwa mwenzangu mhudumu, andika katika cheti cha mgonjwa ulichokiona: idadi ya vivimbe, mahali vilipo, tarehe, watu wangapi wa nyumba hiyo wana dalili, na kwamba amepanga. Usiandike neno uchafu. Ukipata wagonjwa wawili wa nyumba moja, mjulishe afisa afya bila kusubiri wa tatu, kwa ridhaa yao. Wapangie kurudi wiki 6 baada ya upulizaji wa pili. Vivimbe vipya vikiwepo siku hiyo, anayepaswa kuitwa tena ni mpulizaji, kabla ya kuandika dawa nyingine ya ngozi.