Mchicha wa Uani Wamwagiliwa Maji Gani?

 Mara hii tunaingia bustanini. Kila mtaalamu wa kilimo anapoalikwa kuzungumza na jumuiya zetu, iwe Mbagala, Chamazi au Tegeta, swali la akina mama huwa ni lile lile: je, mboga tunazowapa watoto ni salama?

Kulima mjini si jambo geni kwetu. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na mwaka 1993 ulianza mradi wa kukuza kilimo cha mboga mijini, kwa msaada wa Ujerumani, uliowafundisha wakulima wa Dar es Salaam. Ujuzi basi upo. Shida ni maji na udongo.

Mto Msimbazi hupokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani, na kandokando yake mboga hustawi sana. Maji ya namna hiyo yana uchafu wa aina mbili usiofanana. Wa kwanza ni vijidudu vya kuhara, taifodi na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Hivi hukaa juu ya jani; kuosha kwa maji safi hupunguza, na kupika vizuri huviua. Wa pili ni madini mazito kama risasi, ile ile iliyomo ndani ya betri za magari. Madini hayo huvutwa na mizizi yakaingia ndani ya jani lenyewe. Osha mara saba, pika hadi usiku, hayatoki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala dalili ya kumshtua mama.

Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Lakini risasi iliyokwisha kuangukia udongo wa kando ya barabara za zamani haiozi. Kwa hiyo tusipande mboga hapo, wala penye gereji, jalala la zamani au mahali palipowahi kuvunjiwa betri. Mwenye shaka na udongo wa uani kwake ajaze gunia udongo aliouleta kutoka mahali safi, atoboe matundu ubavuni na kupanda humo.

Wakati wa masika kuna jambo tunalolijua sote ingawa hatupendi kulisema: wako majirani wanaotapisha vyoo mvua inaponyesha. Bustani iliyopitiwa na maji hayo isichumwe kachumbari wala saladi. Ni vema kuinua matuta na kuchimba mfereji wa kuyakinga kabla ya Machi.

Samadi nayo ina hesabu yake. Mchicha huvunwa wiki 3 hadi 4 tu baada ya kupandwa, lakini samadi mbichi huhitaji miezi kadhaa ili vijidudu vife. Hesabu hizo haziafikiani. Basi samadi ioze kwanza, kando ya bustani, ndipo iingie kwenye tuta. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza hata miche.

Dawa za wadudu hatutazitaja sana. Soma kibandiko, hesabu siku zilizoandikwa kati ya kupulizia na kuchuma, na dawa ya mbu au ya pamba isiguse mboga kabisa.

Wenye visima vya maji ya chumvi wasikate tamaa. Maharage hayavumilii chumvi, lakini spinachi huivumilia vizuri. Kwa udongo wetu wa kichanga sisi twapenda zaidi matembele: hupandwa kwa vipande vya shina, hayahitaji mbegu ya kununua, na ukichuma huchipua tena. Majani yake, kama ya mchicha, humpa mtoto vitamini A ya macho na ya kinga ya mwili, mradi mboga ipikwe na mafuta kidogo au nazi, kwa maana bila mafuta mwili huipata kwa shida.

Kisamvu kina sharti lake la pekee. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Yatwangwe vizuri, kisha yachemshwe kwa muda mrefu katika sufuria isiyofunikwa, ndipo nazi itiwe.