Miwani ya Kukuza kwa Mpasuaji: Pimeni Kwanza

Kamati ikipata fedha za kuinunulia hospitali miwani ya kukuza, mara nyingi huuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo lina mtego. Kadiri lenzi inavyokuza, ndivyo eneo linaloonekana linavyopungua, na kichwa kikisogea kidogo tu jeraha hupotea machoni. Kwa kurekebisha kope zilizogeukia ndani kutokana na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ukuzaji wa mara 2.5 unatosha.

Jambo zito ni umbali. Kila miwani huonyesha vizuri kwa umbali wake, kwa mfano sentimita 34 au 42. Mpasuaji mrefu akipewa ya umbali mfupi atainama siku nzima. Shingo ikichoka, zawadi yenu itaishia kabatini. Basi mpimeni akiwa ameketi kazini, kutoka jicho hadi mahali anaposhona. Pimeni pia nafasi kati ya mboni zake mbili, kwa milimita. Isipolingana, picha mbili hazitaungana kuwa moja.

Miwani ya kutumiwa kwa zamu iwe ya kurekebishika. Na taa ya kichwani isisahauliwe: lenzi haiongezi mwanga.